Kisima cha Ubatizo Kimegeuka Duara

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jua limeshakuwa kali, na upepo unatuletea vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mpaka ndani ya sufuria.

Pendo wangu, miaka mitatu bado mwezi mmoja, sasa hivi tu amefanya jambo ambalo nimeshindwa nicheke au nilie. Amechukua bakuli lake la uji, akatia mchanga na maji ya kunywa, akachuchumaa mlangoni. Anatikisa, anamwaga kidogo, anachungulia, anatikisa tena. Vilevile kama wanaume wanavyoosha dhahabu. Nikasogea nimpige picha na simu. Akanyanyua kiganja:

"Mama, usije! Itakimbia."

Itakimbia.

Hakulitoa kwangu neno hilo. Wala kwa baba yake, yeye yuko Buseresere wiki ya pili sasa, anauza mchele. Mtoto wangu kalisikia kanisani, akiwa mgongoni kwangu, Jumanne iliyopita, siku niliyokatazwa kusogelea kisima cha ubatizo. Kisima ambacho mbatizaji wake ni mimi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mchungaji wa tawi dogo la kanisa, pembeni huku, njia ya kwenda Bulyanhulu. Kanisa la miti na mabati. Nina darasa la saba na mwaka mmoja wa chuo cha Biblia, basi. Mchungaji, nimesema, si mke wa mchungaji. Lakini wazee wangu wa kanisa mpaka leo wananiita "Mama Mchungaji", kana kwamba mchungaji mwenyewe katoka kidogo, atarudi. Baba Pendo akifika na pikipiki yake wanamkimbilia, "Karibu Baba Mchungaji!", mtu ambaye ukimwomba afunge kwa sala anaanza kukohoa.

Nilikuwa nalicheka jambo hilo. Siku hizi silicheki.

Kisima tulianza kukichimba baada ya mavuno, maana huku lambo likikauka hatuna pa kubatizia. Kilikuwa kiwe cha kifuani, na ngazi tatu za saruji. Walipofika kiunoni, sururu ikagonga jiwe jeupe lenye kutu. Mtu wa pwani angelitupa. Watu wa huku, hata mtoto anajua lile ni jiwe gani. Wakalitwanga, wakaliosha kwenye beseni la kutawadhia miguu, wakaona rangi ya dhahabu.

Mzee Masanja, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alipiga magoti palepale kwenye tope. Sijawahi kumwona akipiga magoti kwa haraka vile. Siku zote hulalamika goti linamsumbua.

Nikiri hapa. Siku ile na mimi nilifurahi. Niliona kwa macho yangu kanisa la matofali, sakafu laini, watoto wa Jumapili wamekaa kwenye madawati. Wakachinja mbuzi wa shukrani, nikala. Niliomba Mungu aubariki mwamba ule, na sauti niliipandisha. Kwa hiyo ninapowadharau, najua na mimi mafuta ya yule mbuzi yako mdomoni.

Lakini nawadharau.

Sasa hivi kisima kimepita urefu wa watu watatu waliopandana mabegani. Kimekuwa chembamba, kimewekwa matimba, magogo ya kuzuia kuta, pembeni, kina kamba na ndoo. Hilo ni duara, shimo la wachimba dhahabu, lina nini zaidi? Ila wao bado wanasema kisima. Kwaya ya wanaume, ambayo nilikuwa naibembeleza ije mazoezini, sasa inafanya mazoezi kila mchana, humo humo chini, nyimbo zinatoka na mlio wa nyundo. Nilipomuuliza Mzee Masanja kina chote hicho ni cha nini, alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto:

"Mama Mchungaji, ubatizo ni kuzika utu wa kale. Usipochimba vizuri, unafufuka."

Utu wa kale gani huo, wa tembo?

Jumanne ndiyo nikaenda nichungulie, Pendo mgongoni. Nilikuwa bado hatua kama kumi, Mzee Masanja akanyoosha fimbo mbele yangu. "Hapo hapo, mayu. Kwa heshima yako. Mwanamke akisogea, dhahabu itakimbia." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, ni neno la upendo. Alilitumia kunifukuzia.

Yeye ndiye anayesimama kila mwezi kukemea hirizi. Ndiye aliyemtoa dada mmoja kwenye kwaya kwa sababu ya uzi mweusi kiunoni mwa mtoto. Leo anaamini jiwe lina masikio na miguu, linasikia harufu ya mwanamke linatoroka chini ya ardhi. Ninamwamkia shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kwetu Didia, na marahaba yake naipokea. Heshima yangu kwake imebaki hapo kwenye salamu.

Na nilirudi nyuma.

Hilo ndilo linaloniuma. Nilirudi nyuma kama mbuzi aliyeonyeshwa fimbo, na mwanangu alikuwa mgongoni, anatazama, anajifunza.

Ningenyamaza labda, kama si Mama Shija.

Mama Shija anaponda mawe kwa nyundo karibu na karasha. Ana uvimbe shingoni, umekua mpaka anakula kwa kugeuza kichwa upande. Jumatatu anasafiri kwenda hospitali kubwa Mwanza, wamkate. Kesho ilikuwa abatizwe. Na anautaka ubatizo huo kwa sababu moja ambayo mtaa mzima unaijua. Mume wake alifukiwa na kifusi mwaka juzi. Alikuwa anakuja ibadani kila Jumapili, anakaa nyuma, anaimba vibaya kwa sauti kubwa. Wazee wakasema hakubatizwa, kwa hiyo kanisa halimziki. Utaratibu ni utaratibu. Mimi nilikuwa mgeni hapa, nilikuwa naogopa, nikaenda kaburini kama jirani, nimefunga mdomo. Waliomshusha walishusha kimya kimya, kama wanafukia mzoga. Shija, binti yake, akamuuliza mama yake mbele ya watu wote: "Baba haombewi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nikiwemo.

Kwa hiyo Jumatano Mama Shija alikuja hapa kwangu, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaniambia hivi: "Kisu sikiogopi, Mchungaji. Naogopa Shija asije akauliza tena lile swali."

Alhamisi nikalipeleka kwenye kikao cha wazee. Mzee Masanja akasikitika sana, akafuta na miwani. Akasema dada yetu asubiri, kisima bado hakijakamilika. Nikasema tumbatize kwenye pipa. Akasema pipa halina heshima, watu watatucheka. Nikasema, basi mniandikie kwamba asiporudi mzima, kanisa litamzika. Wakatazamana. Wakasema utaratibu ni utaratibu.

Yaani mlango wameufunga wao, na faini ya kutoingia wanamtoza yeye. Halafu tukafunga kikao kwa sala. Nilisali na macho wazi, nawatazama mmoja mmoja, wamekunja nyuso kwa utakatifu, kucha zimejaa kutu ya mwamba.

Jana ilikuwa maombi ya kina mama. Tulikuwa kumi na wanne. Sikuhubiri. Niliwaeleza yote kama nilivyoandika hapa, na mwisho nikawauliza: kama dhahabu inamkimbia mwanamke mmoja, ikiona kumi na wanne itaenda wapi?

"Itavuka mpaka!" mmoja akadakia.

Mama Shija akageuza shingo lake lote atuone, akasema, "Kama jiwe linatuogopa hivyo gete, kweli kabisa, mbona wanaume nyumbani hawatuogopi?"

Tulicheka mpaka watoto wakaamka.

Basi tukakubaliana. Leo saa nne, kila mmoja na karai lake na jembe. Kifusi chote walichotoa kiko palepale pembeni, kilima kizima, ni kukirudisha tu kilikotoka. Kwanza tutahakikisha chini hakuna mtu. Tutajaza mpaka kibaki kina cha kifuani, kama tulivyopanga tangu mwanzo. Juu tutatandika turubai jipya la kanisa, la kuwakinga jua wageni rasmi, maji tumeshajaza madumu toka jana. Kesho asubuhi Mama Shija anazama na kuibuka, jina lake linaandikwa kwenye kitabu kwa wino, na Jumatatu anapanda basi. Akirudi mzima, na naamini atarudi, ataponda mawe na kuimba vibaya kwa sauti kubwa kama mumewe. Asiporudi, nitamzika mimi, nikiwa nimefungua mdomo.

Na mwamba wao je? Kama ni wa Mungu, utakuwepo. Kama una miguu, safari njema.

Naogopa? Naogopa. Wanaweza kuandika barua makao makuu kwamba nimeharibu mali ya kanisa. Wanaweza kuniletea mchungaji mwanaume mwenye koti. Nimemwambia Baba Pendo kwa simu, akaniuliza shimo limefika kina gani. Halafu akasema, "Nakuja na koleo." Mungu ampe maisha marefu mtu yule asiyejua kusali.

Nilitaka niandike haya kwa utulivu kabla ya saa nne, ili kesho watakapohadithia vingine, hapa pawe na maandishi. Pendo ameshaacha bakuli, mchanga wake kaumwaga mlangoni, anatafuta dhahabu kwa kidole. Nimemwita aje akae nami. Nimemwambia, mama akisogea hakuna kinachokimbia, mwanangu. Kanitazama kama hanisadiki. Nitamwonyesha.

Nasikia vishindo vya karai. Hawa wanawake hawakusubiri saa nne! Na kuna mtu anakuja huku mbio, fimbo inagonga mawe, goti limepona ghafla. Ni Mzee Masanja, nasikia sauti yake kabla hajafika uani: "Mchungaji! Mchungaji, njoo uwaambie wanawake!"

Mchungaji. Leo hakusema Mama. Ngoja nimfunge Pendo mgongoni, nichukue na karai langu, maana leo nasogea mpaka ukingoni.