Wazee Walipomcheka Karl

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua utasema limepona, hata kama unapanda ngazi za kanisa kwa kushikilia ukuta. Huku Lewisville, Marekani, tu wazima, ila Usangi imenijaa kifuani. Juzi nilipika makande, nikayala peke yangu. Mjukuu wako Neema alikula mkate.

Nimepata kazi ya kumtunza bibi mmoja, Hilda, katika mji mdogo kaskazini mwa hapa. Babu zake walitoka Ujerumani zamani sana, na mpaka leo wazee wa mji ule wanaongea Kijerumani chao. Mezani kwake hupewi mkate mpaka uombe kwa Kijerumani. Hata mimi naomba, ningefanyaje? Nikamkumbuka marehemu bibi, aliyekuwa haitikii mpaka umwamkie kwa Kipare.

Kwenye baraza la mji, kiti kimoja kimekuwa cha mtu wao miaka yote, na ndiye anayetetea lugha yao ifundishwe shuleni. Safari hii aligombea Karl, mjukuu wa Hilda. Nilimsukuma Hilda kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukumbini. Desturi yao, mgombea ajieleze kwa Kijerumani. Karl alikwama sentensi ya pili tu, wazee wakaangua kicheko. Kijana wa watu akahamia Kiingereza, masikio yamemwiva kwa aibu.

Hilda akagonga sakafu kwa fimbo. Maneno yake Karl alinitafsiria baadaye: “Wanenu nao mliwacheka hivi hivi. Leo wako wapi?” Karl akarudi kwenye Kijerumani chake kibovu, akamaliza kujieleza. Lakini kura hazikutosha, maana wamebaki wachache, na kiti kimekwenda kwa mtu mwingine.

Mama, nililia ndani ya gari. Unakumbuka Krismasi tulipokuja, Neema alivyokuamkia kwa Kipare, nyumba nzima ikacheka? Mlicheka kwa mapenzi, hata mimi nilicheka. Tangu siku ile mtoto hajatamka Kipare tena. Nikimsemesha, hata kwa Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na naogopa nikiondoka mimi duniani, hatakuwa na njia ya kuongea nanyi.

Nisalimie baba mdogo na mbuzi wake, shangazi wa kwaya, na wifi yangu aliyejifungua. Nilimsimulia Neema habari za Karl, naye amekubali kukuamkia mwenyewe Jumapili tukipiga simu. Sitamsaidia. Atakosea, Mama. Mwitikie tu.

Mwanao,
Namsifu