Nukta ya mudogo wangu

Alhamisi, Likasi

Karte yangu, ramani ya nukta, ni ya uongo, na ni minye niliichora.

Tuliuliza bantu benye kushindwa kuacha pari za mupira, ile kamari ya kubahatisha nani atashinda: unaikalaka wapi? Kila jibu nikaweka nukta nyekundu. Nukta zikajazana hapa mujini, basi shefu wetu wa afya anataka kufungua chumba cha kubatunza hapa.

Leo Papa Kalenga, mugonjwa wetu, amefika na vumbi ya Kambove mpaka ku kope. Nikamuuliza kama hakusema anaikalaka Likasi.

“Mama, ile ni parseli ya baba, kiwanja chetu, fasi batanililia siku nikikufa. Mugeni akiuliza, tunatajaka pale. Lakini nalalaka Kambove ku machimbo, na pari nachezeaka kule kule.”

Hata minye ningejibu vile. Namna gani sikuwaza?

Shefu anasema rangi ya chumba imekwisha kununuliwa. Nimemujibu rangi inaweza kupanda gari. Kesho tunauliza upya: jana ulilala wapi, pari ulichezea wapi?

Nukta ya kwanza nimefuta ni ya mudogo wangu, naye ameshindwa kuacha pari. Niliiweka kwa mama, pale angali anamubakishia bukari, ugali wake, kila mangaribi. Hajalala pale tangu mvua zianze.

Nukta yake mupya sijui pa kuiweka. Kesho naanza na yeye.