Maneno Niliyoyasema Mbele ya Timu Yako

Mjukuu wangu Restituta,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono huu huu. Darasa langu la tatu unalijua, kwa hiyo usinitafutie nukta. Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Nimemwomba mwalimu jirani yetu aipeleke kwenye gazeti la parokia ili isomwe na yeyote anayejua kusoma, maana nilikukosea mbele ya watu, na mimi si mzee wa kuungama chumbani.

Huku Ifakara mpunga umeinamisha vichwa. Ndege kwelea wameshuka mashambani tangu juzi, wanageuka angani wote kwa pamoja kama shuka linalokung'utwa. Nikiwaona nageuka nikwambie, "Hao, Resti," nakuta dungu letu la kuwingia ndege liko tupu. Kisha napiga kelele peke yangu, na sauti yangu haifiki hata kwenye tuta la pili.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nafinyanga madonge ya udongo, wewe unayarusha. Ndege ulimpata akiwa anaruka, si akiwa ametua. Nilitangaza sokoni kuwa mkono ule umetoka kwangu. Hata yule mwalimu wa michezo wa Dar alipokupa mpira wa kriketi, na baadaye ukaitwa timu ya taifa, nilisema mkono ni wangu. Ungetoka kwa nani mwingine? Mimi ndiye niliyevusha watu kwa mtumbwi hapa Kivukoni kabla ya daraja, mto umejaa, wenzangu wamefunga mitumbwi.

Lakini walipokufanya nahodha, hilo hukulitoa kwangu.

Unakumbuka ule mwaka tulioalika watu wa kuvuna? Kila mtu alipewa ngwe yake, kipande chake cha kukata. Mimi nikamaliza wa kwanza, kama kawaida, nikakaa kivulini kuwacheka waliobaki. Desturi inataka aliyemaliza ageuke, aingie ngwe ya aliye nyuma. Mimi desturi hiyo nilikuwa naiona ya wavivu. Wewe, kitoto cha miaka kumi, ukachukua kisu ukaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na homa, ukaanza kukata kutoka upande wa pili mkutane katikati. Nikakuita urudi, ngwe si yako. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Babu, shamba ni moja." Watu walicheka siku nzima. Mimi sikucheka.

Basi ndiyo ikaja mechi ile ya ugenini. Niliitazama kwenye simu ya fundi cherehani wa sokoni, tumebanana watu saba. Kriketi nilikuwa nimeshawaeleza wote, hata nisichokijua. Ilipobaki zamu ya mwisho ya kurusha, na wenyeji wenu wanahitaji mbio chache tu washinde, nikawaambia mtazameni sasa mjukuu wangu. Ukauchukua mpira, ukaufuta kwenye suruali, ukampa mwenzako Zuhura aurushe yeye. Zuhura, aliyekuwa amepigwa mipira yake vibaya tangu asubuhi! Akapigwa tena. Mkashindwa. Fundi akaniuliza, "Mzee, mbona nahodha wako kaogopa?"

Neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki. Nikakupigia jioni ile ile. Hukuwahi kusema hata neno la pili, nikakurukia. Nikasema nahodha gani anagawa mpira kama anagawa peremende. Nikasema huyo Zuhura wako anarusha kama anawamwagia kuku pumba, arudi kwao akapike.

Nilisikia mngurumo wa basi lenu. Kisha ukasema polepole, "Babu, nimeweka spika. Niliwaambia wenzangu ndiwe uliyenifundisha, wakataka kukusalimia. Zuhura kakaa hapa pembeni yangu."

Ungenitukana ningelala. Ulisema tu, "Mpira niliutoa mimi. Tumeshindwa kwa sababu yangu." Ukakata.

Ni miezi minne sasa. Mama yako akija kutoka kwake Kisawasawa ananiletea habari zako vipande vipande, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kasema Zuhura alifunga begi kuacha timu, nawe ukakaa mlangoni kwake mpaka akalifungua. Kasema waandishi walipokuuliza, kosa ulilibeba lote. Na juzi kasema mmecheza tena, zamu ya mwisho ukampa yule yule, naye akaangusha vijiti vya mpigaji wao, mkashinda, mkambeba mabegani. Mimi mechi hiyo sikuiona. Kwa fundi siendi tena. Nilisikia habari nikasimama, nikatafuta mtu wa kumtambia, nikakuta ninayetaka kumwambia ni wewe.

Nimejigamba maisha yangu yote, Resti, na sijawahi kuongoza mtu yeyote. Nilikuwa natangulia tu. Wewe kwa umri huo umejua tofauti yake. Mimi imenichukua hadi meno kuisha.

Sikuombi wewe kwanza unisamehe. Wa kwanza ni Zuhura. Mkipewa mapumziko, njoo naye. Nikiambiwa siku, nitakuja kituo cha mabasi asubuhi na mapema. Akishuka, asiponiamkia sitadai, wala usimkanye. Kwa miaka yangu yote hakuna mtoto niliyemtangulia kwa salamu, wa nyumbani wala wa njiani. Huyo nitavua kofia, nimwamkie mimi, hapo hapo mbele ya abiria. Akinijibu, ndipo nitakugeukia wewe.

Ni mimi babu yako, mzaa mama.