Kinga ya Zamani

Jumatatu, 4 Agosti

Darasa limejaa mafua. Leo nimefuta pua kuliko nilivyofundisha. Tumefika herufi M. Mama, maji, mamba. Wote wakapiga kelele za mamba isipokuwa Minza. Alikuja mwenyewe akapanda mapajani kwangu, mwili una joto kidogo, akalala mpaka saa ya uji. Huwa nampenda sana huyu. Walihamia hapa Pasiansi kutoka visiwa vya ziwani mwaka jana, mama yake anauza dagaa, na mtoto bado anaogopa choo cha shule mpaka nimshike mkono. Mchana nilimbeba hadi getini, kichwa chake kwenye shingo yangu.

Uji wangu nimeutapika nyuma ya stoo. Nimesingizia na mimi nina mafua.

Mwezi wa tatu sasa. Anayejua ni mume wangu Shija peke yake. Mimba ya mwaka juzi tuliitangaza mapema, ikatoka, na watu walikuja kutupa pole hadi tukachoka kuwafungulia mlango. Safari hii hatusemi. Tumbo litajitangaza lenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Minza hakuja. Mama yake kapiga simu. Vipele vimeanzia usoni, vimeshuka kifuani. Nikamwambia ampeleke zahanati, asipake kitu.

Shija karudi na sangara. Harufu ikanishinda kabla hajafika jikoni. Akampika nje, akamla nje, akapiga mswaki nje, ndipo akaingia ndani. Hakulalamika. Fundi wa injini za boti, mikono haitoki grisi, lakini meno yananukia kama ya mtoto wa bweni.

Jumatano, 6 Agosti

Nesi alikuja shuleni. Watoto wengine wawili wametoka vipele. Alitukusanya walimu ofisini kwa mwalimu mkuu. Akasema huenda si surua, huenda ni rubela. Kwa watoto si ugonjwa wa kutisha, homa kidogo, vipele, unapita. Wamechukua damu ya Minza ili wahakikishe. Kisha akauliza, kama anauliza saa: "Kuna mjamzito hapa?"

Wenzangu wakaangaliana wakacheka. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

Alipotoka nikamkimbilia. Nikamkuta karibu na duka la mkaa. Nikamwambia ni mimi. Hakushangaa. Aliniuliza kama nimewahi kuugua rubela utotoni, au kuchanjwa. Sijui. Utotoni mwangu chanjo hiyo haikuwepo. Akauliza mama yangu yupo. Nikasema alikufa nikiwa sijaanza shule. Akanishika bega. "Kesho asubuhi nenda kwa daktari, dada. Usingoje wiki ijayo."

Nimemwambia Shija. Aliweka kijiko chini. Tuliacha ugali ukapoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Daktari ni mama mtu mzima, anaongea taratibu. Hakunificha. Rubela ikimpata mama katika miezi hii ya mwanzo, inaweza kumfikia mtoto. Macho, masikio, moyo. Mimba yenyewe inaweza kutoka. Nilisikia kila neno na nikatamani asingekuwa mkweli hivyo.

Kisha akanipa upande wa pili. Kama niliwahi kuugua zamani, damu yangu ina kingamwili. Askari waliobaki baada ya vita, ndivyo alivyosema. Wapo maisha yote. Virusi vikiingia tena vinazuiwa, mtoto hapati kitu. Watu wengi wa umri wangu wanao bila kujua, maana waliugua wadogo na nyumbani ikaitwa surua tu, au joto, au vipele.

"Na kama sina?"

"Tutazungumza hapo tutakapofika."

Wamenichoma mkono wa kushoto. Chupa ndogo. Shija alisimama mlangoni akiangalia pembeni, anaogopa sindano huyu mtu mzima. Kwenye bajaji akanishikia ile pamba njia nzima, ingawa damu ilikuwa imekata.

Damu inapelekwa maabara kubwa. Majibu Jumatatu, kwa sababu ya sikukuu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima umeenda kutazama ng'ombe na matrekta. Sisi tumebaki ndani.

Nimempigia mama mdogo Ukerewe. Ndiye aliyenilea. Ilibidi nimwambie yote, mimba na vipele kwa pamoja. Sikuwa nimepanga aipate habari hivyo. Nikamwuliza kama niliwahi kuugua rubela.

Nilisikia kuku wake.

"Reti," akasema. Hajawahi kuitamka L ya jina langu. "Mlikuwa watoto wengi ndani ya nyumba ile. Vilikuja vipele, vikapita. Vikaja tena. Mmoja akipona, mwingine analala. Sikumbuki alikuwa nani na nani. Mama yako angekumbuka."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshtakiwa. Nikasema haidhuru, mama mdogo. Lakini inadhuru, na wote wawili tunajua.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Sikusikia mahubiri. Mbele yangu kulikuwa na mtoto mgongoni mwa mama yake, ananikodolea macho. Kila nikitabasamu anajificha, halafu anachungulia. Macho mazima. Nimelia, nikajifanya nasali.

Shija hanigusi tumbo tangu Jumatano. Najua kwa nini. Anaogopa kuzoea. Inaniuma hata hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Damu imeharibika.

Naandika tena ili niamini. Damu imeharibika. Umeme ulikatika sikukuu, jokofu likapata joto, sampuli zote za siku ile hazifai. Kijana wa mapokezi aliniambia bila kuinua kichwa. Shija akapiga meza. Sijawahi kumwona akipiga kitu. Watu kwenye foleni wakageuka. Kisha akaomba radhi, akaenda kusimama nje, na nilimwona kwa dirisha amejishika kiuno kama mtu aliyekimbia.

Daktari alitoka mwenyewe kutuita. Alisema pole, mara mbili. Akaeleza kwa nini hatuwezi kuchelewa. Mwili ukikutana na ugonjwa leo, hauwezi kutengeneza kinga hiyo ndani ya siku chache. Kwa hiyo wakiikuta sasa, ni ya zamani. Wakichelewa kuitafuta, hawatajua kama ni ya zamani au ni ya ugonjwa uliobebwa na Minza. Bado muda upo, akasema. Kidogo, lakini upo. Watapima zote mbili, ya zamani na mpya.

Wamenichoma mkono wa kulia. Safari hii Shija hakuangalia pembeni. Alikuwa mweupe midomo, lakini aliitazama sindano hadi mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kuipeleka chupa maabara yeye mwenyewe. Daktari akamwangalia, akaenda kuuliza, akarudi na kiboksi cha barafu. Akaondoka nacho kwenye bodaboda, amekikumbatia.

Jumanne, 12 Agosti

Majibu ya Minza yametoka. Ni rubela.

Mwalimu mkuu nimemwambia. Kanipa ruhusa nibaki nyumbani. Jioni nilifikiri habari imeishia kwake, kumbe haikuishia. Mama Minza alikuja. Alisimama uani, hataki kukaa, kanga ameizungusha mpaka kidevuni.

"Mwalimu, nimesikia una mtoto tumboni. Mwanangu amekuletea ugonjwa."

Akasema hakumchanja. Kule kisiwani kliniki ilikuwa mbali, na walipohamia huku aliogopa kwenda. Ameshaona akina mama wanavyogombezwa mbele ya watu kwa kadi isiyojazwa. Akasema Minza anauliza kila siku kwa nini haendi kwa madamu. Hajui amwambie nini.

Nilimkasirikia. Naandika hapa kwa sababu kwake sikusema. Nilimkasirikia kwa muda aliokuwa anaongea, kabisa, moto wa kifuani. Halafu nikaona miguu yake. Magamba ya dagaa yamemganda hadi kwenye vifundo. Alikuwa ametoka sokoni akaja moja kwa moja kwangu, angeweza asije.

Nikamwambia akae. Akakaa. Nikamwambia, Minza hana kosa, na mwambie madamu anamsalimia. Alilia sana. Nilimpa maji, nikalia na mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Mama mdogo amekuja. Hakuniambia. Kapanda meli ya asubuhi kutoka Nansio huko Ukerewe, na mzigo wa viazi vitamu na machungwa kana kwamba Mwanza hakuna soko. Nilipiga magoti kumwamkia, akaitika marahaba huku ananiinua, maana mjamzito hapigi magoti, ndivyo alivyosema.

Amefua kila kitu, hata vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 14 Agosti

Hakuna simu.

Mama mdogo ameshona vifungo vya mashati ya Shija. Hakuna aliyetaja damu siku nzima. Shija amerudi saa sita mchana akisema hakuna kazi. Kazi ipo. Alikaa tu hapo, na simu mkononi.

Mchana nimewaza mtoto asiyeona. Nimewaza nitamfundishaje herufi. Nikajikuta napanga: kwa vidole, kwa mbegu za maharage zilizogandishwa kwenye boksi. Nikapanga mpaka M. Ndipo nikajua nimeshampenda hata akiwa hivyo, na hofu haikupungua, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Daktari kapiga mwenyewe. Saa nne asubuhi. Akasema njooni, halafu, kwa kuwa aliisikia sauti yangu ilivyo, akaongeza, "Njooni na moyo mwepesi."

Ninayo. Kingamwili ya zamani, ipo, tena ya kutosha. Ile mpya haipo kabisa. Niliugua rubela zamani, nikapona, na damu yangu ilikuwa tayari siku Minza alipolala shingoni mwangu. Mtoto yuko salama kwa jambo hili. Daktari alisema "kwa jambo hili" kwa uangalifu, mengine ya mimba yanabaki kama kwa kila mama. Sijali. Mengine na yaje kwa zamu yake.

Shija aliuliza mara tatu. Mara ya tatu daktari akamgeuzia karatasi, akamwekea kidole kwenye mstari. Akasoma kwa sauti, polepole, kama watoto wangu. Halafu pale pale, mbele ya daktari na mama mdogo, akaweka kiganja tumboni mwangu. Akakiacha.

Mama mdogo hakuwa ameelewa vizuri. Nilimweleza nje, kwenye ngazi.

"Kwa hiyo uliugua."

"Niliugua, mama mdogo."

"Nyumbani kwangu?"

"Daktari hawezi kujua lini. Lakini mama alipokufa nilikuwa mdogo sana. Bila shaka kwako."

Akatazama barabara. "Basi nilikuuguza," akasema. "Kumbe nilikuuguza, na sikujua ni ugonjwa gani."

Nikamwambia ndiyo. Uliniuguza, nikapona, ndiyo maana tuko hapa. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema jua kali, twende, huyu mtoto hajala.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeenda Nyegezi kumwambia mama yake Shija. Mimi nilipanga maneno. Shija akayamaliza yote kabla hatujakaa. Mama mkwe alipiga kigelegele, akajiziba mdomo akikumbuka ya mwaka juzi, halafu akaitoa mikono akapiga tena, kikubwa zaidi. Majirani wamekuja. Tuliwafungulia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi kazini. Minza pia amerudi, vipele vimekwisha. Lakini alibaki mlangoni, mgongo kwenye fremu, haingii. Nikamwita. Akatikisa kichwa.

"Mama kasema nisikushike. Utaugua."

Nikamwendea. Nikachuchumaa. Nikamwambia ule ugonjwa niliupata nilipokuwa mdogo kama yeye, na ukishaupata haurudi tena kwako. Akafikiri. Akauliza nilikuwa na vipele vingapi. Nikasema vingi, mpaka masikioni. Akaangalia masikio yangu yote mawili kwa makini, kisha akanipa mkono twende chooni.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Minza ana mtoto mwingine mchanga, sikujua. Aliniomba nimsindikize kliniki. Shija akasema anakuja pia, injini zitasubiri.

Tulifika mapema. Benchi moja la wenye watoto wa chanjo, benchi moja la wajawazito. Nilikaa na Mama Minza hadi mtoto wake akaitwa. Hakugombezwa. Nesi aliitazama ile kadi tupu, akasema tunaanza leo. Mtoto akalia kidogo, akanyonya, akasinzia.

"Na wewe, dada, umemleta nani?"

Nikasema nimekuja kuanza kliniki ya mimba.

Akanionyesha benchi la pili. Lilikuwa limejaa. Mwanamke wa mwisho akasogea, na wa pembeni yake akasogea, na nafasi ikapatikana. Nilikaa. Shija alisimama ukutani nyuma yangu, ameshika mkoba wangu. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia madirishani. Tulingoja zamu.