Swali la Luka kuhusu yule Mjapani wa upanga

Violeth, nimetoka wodini sasa hivi. Luka anajua.

Unakumbuka tulivyokubaliana na daktari: mdogo wangu aambiwe ni vidonda vya tumbo, kansa tumfiche.

Leo namlisha uji, ananiuliza, "Dada, yule bingwa wa upanga wa Japani, unadhani alikufaje?" Tangu zile filamu za upanga za utotoni, kwenye vibanda vya video vya Makole, hajaacha mambo yale.

Nikamwambia, "Aliteleza bafuni. Meza."

Akacheka. "Hakuna aliyemshinda kwa upanga, dada. Nadhani lilikuwa tumbo. Ndugu zake wakamwambia ni vidonda."

Alisema hivyo akinitazama, Violeth. Wakamwambia ni vidonda.

Nikamwekea kijiko kingine mdomoni. Uji aliumaliza wote, nadhani ili nisiaibike.