Nilivyomwita Baba Neema Mlimani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa kidogo? Na mahindi ya hapo Mshangano mmeshayapalilia? Sisi huku mbali, mimi na Neema, tunapumua. Joto limemtoa mtoto vipele shingoni, lakini ananyonya vizuri.

Mama, ulinituma nimtafute mume wangu nimrudishe nyumbani, maana watu wanasema ametutupa. Nimemwona. Ngoja nikueleze, usilie kwanza.

Mlima anakochimba uko mbele ya Arusha, jangwani kabisa. Tangu serikali iruhusu watu wajichimbie mawe ya thamani na kuuza wenyewe, vijana wamejaa kule juu kama siafu. Njia ni kokoto na miiba, hakuna mti wa kumkinga mtoto, hakuna kijito. Sisi tumezoea milima ya ukungu na migomba. Huu, ukishika jiwe linakuunguza. Nilimfuata mama mmoja wa Kimasai mwenye punda wa kupandisha maji. Kila nikikaa chini ananiambia, "Inuka mama, mtoto ataiva hapo!"

Kufika juu, wanaume wakanizuia kwa mbali. "Simama hapo hapo! Mwanamke akisogea shimoni mawe yanakimbia!" Basi nikaita nikiwa pale pale: "Baba Neema! Baba Neema!"

Akachomoka mzee mmoja wa ndevu. "Mimi hapa, mke wangu! Ugali uko wapi?" Mwingine naye, "Hata mimi nina Neema, nichukue mimi, huyo hana meno!" Wakacheka sana. Wa kwangu kimya. Ndipo nikakumbuka, mama. Aliondoka nikiwa na mimba. Hajui kama yeye ndiye Baba Neema.

Na unajua sijawahi kumtaja jina tangu tuoane, nilikuwa namwita "wewe" tu. Siku hiyo nilifumba macho, nikapiga kelele mbele ya wanaume wote: "Gaspari!"

Akatoka. Mweupe kwa vumbi kama ametumbukia kwenye unga, amekonda, anakohoa mpaka anashika magoti. Akaangalia mgongoni kwangu.

"Huyo nani?"

"Ndiye Neema."

Akataka kumpokea. Mtoto akapiga yowe, naye akarudisha mikono.

Nikamwambia, "Twende nyumbani."

"Niende na nini? Sijapata hata jiwe moja."

"Njoo na hayo mapafu yaliyobaki."

Hakucheka. Akasema shimo likitoa, atashuka. Akatusindikiza mpaka kifua kilipomkatalia, akarudi juu.

Nilishuka nalia njia nzima, sikufichi. Lakini sirudi Songea bila yeye. Yule mama wa punda amenipa kona ya kulala. Kesho napanda tena, nikae pale wanaponizuia, Neema auzoee ule uso wa vumbi.

Msalimie mjomba fundi cherehani wa Lizaboni, na shangazi wa Madaba. Mama mkwe mwambie nimemwona mwanawe kwa macho. Habari ya kifua niachie, nitamwambia mwenyewe.

Na uniombee, mama. Siku Neema atakapokubali kubebwa naye, nitatangulia kushuka bila kumpokea mtoto. Itabidi anifuate.

Ni mimi binti yako mwenye nyayo zilizochanika,
Skola