Kidole cha Bhoke

Jumanne

Nimeharibu, tena kwa mapenzi. Chama cha wachimbaji dhahabu kilimwita binti yangu Bhoke, asiyeona, ajaribu huduma yao mpya ya simu, wajue kama inamsomea kila kitu kwa sauti. Alipofika pa kuomba eneo la kuchimba, simu ikanyamaza. Bhoke akapapasa, watu wanamtazama tu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamsogeza kidole taratibu hadi kwenye kitufe.

"Imekubali!" fundi wao akacheka, hakuuona mkono wangu. "Dada mkali huyu! Hakuna cha kurekebisha."

Njiani Bhoke akaniambia, "Mama, leo wamepima macho yako."

Wasioona wenzake watakwama palepale, sababu yangu mimi.

Kesho tunarudi, nimwite fundi nje nimwambie ukweli, kisha Bhoke ajaribu upya. Bhoke amekubali nimsindikize, ila mpaka mlangoni.